Bastola Mpya ya Ruthanne Caudill

OFISI YA SHERIFU, WILAYA YA SORREL, KENTUCKY
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Zella Slusher
Umri: Miaka 52
Kazi: Mwandishi wa makala ya kila wiki katika gazeti la wilaya, pia nina duka la kufulia nguo
Makazi: Sorrel Fork, nyumba ya pili baada ya kanisa la Kibaptisti
Tarehe na saa: Jumamosi, 14 Oktoba 2023, saa nane na nusu mchana
Anayeandika: Naibu Sherifu Tressa Napier

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Naibu Sherifu Napier ameniambia nieleze niliyoyaona na kuyasikia, na niache maoni yangu nyumbani. Nimemjibu kwamba maoni yangu hayajawahi kukubali kubaki nyumbani, ila nitajitahidi.

Mnamo tarehe ya leo, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, nilifika kwenye uwanja wa shabaha wa klabu yetu, ule uliopo kwenye mgodi wa zamani wa makaa ya mawe. Nilikuwa na Ruthanne Caudill, umri wa miaka 58, jirani yangu. Ruthanne ni mlinzi wa mlango wa mahakama ya wilaya. Amesimama pale miaka kumi na tisa. Bastola ya zamani aliyokuwa akivaa kazini ilikuwa kubwa na ilikuwa ikimwumiza nyonga, kwa hiyo alinunua ndogo, mpya, ya kuvaa chini ya koti. Tulikwenda kuizoesha.

Kuzoesha bastola hapa kwetu kuna utaratibu, na kila mwanachama anaujua. Bastola mpya haivaliwi mpaka ipige risasi mia mbili mfululizo bila kukwama hata mara moja. Ikikwama kwenye ya mia na tisini na tisa, unarudi kuhesabu moja. Hakuna huruma. Mlinzi asiyeiamini bastola yake ni afadhali avae filimbi.

Uwanjani tulimkuta msimamizi, Virgil Noble, umri wa miaka 71, na Denzil Haddix, umri wa miaka 66. Denzil si mwalimu wa klabu. Hakuna aliyemchagua. Lakini kwa miaka thelathini amekuwa akisimama nyuma ya kila mgeni, na hasa nyuma ya kila mwanamke, akimfundisha asichoulizwa. Naibu Sherifu ananiuliza kama hayo ni maoni. Hapana. Niliyaona kwa macho yangu, kwa miaka thelathini.

Ruthanne alianza kupiga saa tatu na nusu. Katika risasi sitini za kwanza bastola ilikwama mara tano. Risasi ilikuwa ikipanda nusu, inasimama mlangoni mwa chemba, tundu ambamo risasi hufyatuliwa, kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji. Kila ilipokwama, Ruthanne aliitoa, akarudi kuhesabu moja.

Mara ya tatu Denzil alisogea. Nilimsikia akisema, "Mrembo, bastola haina kosa. Ni kifundo cha mkono wako. Kimelegea kama mlenda."

Ruthanne akasema, "Asante, Denzil."

"Wanawake wengi wanalo tatizo hilo. Si dhambi. Ungebaki na ile kubwa, au uombe kazi ya kupokea simu."

Ruthanne akajaza tena. Mimi nilijibu, lakini Naibu Sherifu amesema jibu langu halihusiani na kesi.

Bastola hiyo ilikuja na magazini mbili, vile visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye mpini. Baada ya kukwama mara ya tano, Ruthanne alikaa kwenye benchi, akatoa kichupa cha rangi ya kucha mkobani, akapaka magazini moja doa jekundu kwenye kitako. Kisha akapiga kwa zamu: nyekundu, isiyo na rangi, nyekundu, isiyo na rangi. Nyekundu ikakwama. Isiyo na rangi ikapita. Nyekundu ikakwama tena. Akairusha kwenye pipa la takataka na kusema, "Kifundo changu hicho hapo, Denzil. Kiokote."

Virgil alicheka mpaka akavua kofia. Denzil hakucheka.

Kuanzia saa nne na dakika tano, akitumia ile magazini moja, Ruthanne alihesabu upya. Ishirini. Hamsini. Themanini. Nilikuwa nikihesabu naye kwa sauti. Karatasi ya shabaha ilikuwa na tundu moja katikati, na tundu hilo lilikuwa likipanuka. Alipofika mia na ishirini aliiweka bastola mezani ikiwa wazi na tupu, mdomo ukielekea mlimani, ili ipoe. Tulikula mkate wa mahindi niliokuwa nao. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

Denzil akaja. Akasema, "Nipe nijaribu. Mikononi mwangu tutajua ukweli." Ruthanne akamruhusu. Nasema wazi kwamba alimruhusu, kwa sababu baadaye Denzil amedai mambo mengi. Denzil mwenyewe ndiye aliyejaza magazini, risasi kumi. Akapiga nne. Hakuna iliyokwama. Niliona uso wake. Mtu akitafuta ubaya wa kitu na kitu kikamnyima, hukikasirikia kitu chenyewe.

Akaacha kupiga. Akasema, "Inapita, sawa, lakini imekauka. Inataka mafuta. Hakuna aliyekufundisha kuifungua, mrembo? Tazama."

Bastola ya aina hii haitenganishwi vipande vyake mpaka kwanza uvute triga. Ndiyo sababu kabla ya kuifungua lazima uwe na hakika kwamba ni tupu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nyuma yake kwa upande wa kulia, hatua nne. Ruthanne alikuwa kushoto kwake, mkono mmoja una mkate na mwingine una kifuniko cha chupa ya chai. Virgil alikuwa ametugeuzia mgongo, akibandika karatasi mpya.

Nilimwona Denzil akiikoki bastola, yaani akivuta sehemu ya juu nyuma na kuiachia. Risasi moja iliruka ikaanguka sakafuni. Akaitazama, akaridhika. Ndipo akachomoa magazini na kuiweka mezani. Akasema, "Tupu." Akageuka kuelekea kwa Ruthanne ili aone vizuri, mdomo wa bastola ukashuka chini. Akavuta triga.

Ikalia.

Risasi ilipita ukingoni mwa buti la kushoto la Denzil mwenyewe, ikachukua kipande cha soli na ngozi ya kidole kidogo. Virgil alipiga kelele, "Acheni kupiga! Acheni kupiga!" Denzil aliidondosha bastola mezani, upande wa Ruthanne, akaketi chini. Maneno yake ya kwanza, nayaandikisha kama yalivyotoka, yalikuwa haya: "Ruthanne, umenipiga risasi!"

Nilisubiri Ruthanne apige kelele. Hakupiga. Alipiga magoti, akamvua buti, akavua skafu yake ya shingoni na kumfunga nayo kidole.  

Naibu Sherifu Napier alifika saa tano na dakika ishirini na tano, na mhudumu wa gari la wagonjwa, ambaye alisafisha jeraha na kusema ni mkwaruzo. Denzil alikataa kwenda hospitali. Alieleza hivi: kwamba yeye alitoa risasi zote, akamrudishia Ruthanne bastola ikiwa tupu, na Ruthanne akaijaza bila kumwambia na kuifyatua kwa kifundo chake kilicholegea.

Naibu Sherifu alimgeukia Ruthanne. Akamwambia, "Mama, unajua sheria ya mahakama. Mlinzi akifyatua bila kukusudia na mtu akaumia, natakiwa kumpigia hakimu leo hii. Nisipopata maelezo mengine, Jumatatu hutasimama mlangoni."

Ruthanne akasema, "Najua." Akaanza kufungua beji kifuani. Miaka kumi na tisa, na pini ilikuwa imekwama kwenye kitambaa.

Hapo nikasimama na kusema niliyoyaona. Naibu Sherifu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, na alikuwa na haki, "Zella, wewe ni jirani yake. Na mwezi wa Machi uliandika gazetini kwamba Denzil Haddix ndiye mtu pekee wilayani anayeweza kukosa shabaha na kuikosoa."

Niliandika. Siwezi kukataa. Kwa mara ya kwanza maishani nilijuta sentensi nzuri, maana ilikuwa inamgharimu mtu mwingine.

Nikaona kwamba neno langu halitoshi, na kwamba mtu mmoja tu ndiye anayeweza kumwokoa Ruthanne, naye ni Denzil. Nikamwambia, mbele ya wote, "Denzil, mimi nasema hujui kutoa risasi kwenye bastola. Nasema miaka thelathini umekuwa ukifundisha watu kitu usichokijua."

Akasimama kwa mguu mmoja. "Mwanamke, mimi nilikuwa natoa risasi wewe ukiwa bado unanyonya!"

"Basi tuonyeshe. Vile vile ulivyofanya leo."

"Nitakuonyesha, na kesho uandike hilo!"

Naibu Sherifu alinitazama, kisha akamtazama Denzil. Akamwuliza kama anakubali kwa hiari yake. Akasema anakubali, na atakubali mara mia. Kwenye begi lake Denzil hubeba risasi za mafunzo, za plastiki ya rangi ya chungwa, zisizo na baruti. Naibu Sherifu alichukua bastola ya Denzil mwenyewe, akaikagua, akamwonyesha Virgil kwamba ni tupu, akajaza risasi tatu za plastiki, akaikoki, akampa. Akasema, "Elekeza mlimani, bwana. Fanya kama ulivyofanya asubuhi."

Denzil alisimama wima kama anapigwa picha. Akaikoki. Risasi ya plastiki ikaruka, akaidaka hewani, na lazima niseme aliidaka vizuri. Kisha akachomoa magazini, akaiweka mezani. "Tupu," akasema. "Ameona kila mtu?"

"Una uhakika?" Naibu Sherifu akamwuliza.

"Kama jina langu."

Virgil, ambaye hajawahi kugombana na mtu tangu nimjue, akasema taratibu, "Basi elekeza kwenye mguu mzima, Denzil, uvute."

Denzil hakuelekeza kwenye mguu. Lakini hakujua bado kwa nini hakufanya hivyo. Niliona wazo likimpanda usoni polepole, kuanzia kidevuni.

Naibu Sherifu aliichukua bastola, akavuta sehemu ya juu nyuma kidogo, akaiinua ili wote tuone. Ndani ya chemba kulikuwa na risasi ya rangi ya chungwa.

Kwa anayesoma haya na hajui bastola: ukiikoki huku magazini bado imo, unatoa risasi moja na papo hapo unapandisha nyingine. Magazini hutolewa kwanza, kukoki kunafuata. Mtoto wa klabu hufundishwa hivyo siku ya kwanza. Denzil alifanya kinyume asubuhi, akafanya kinyume tena mchana mbele ya sheria, na kwa kujivuna kwake mwenyewe akathibitisha kwamba bastola anayodai aliirudisha tupu haikuwa tupu. Aidha, Naibu Sherifu alishaiona magazini ya bastola ya Ruthanne mezani, mbali na bastola, pale Denzil alipoiweka. Mtu haijazi bastola na kuiacha magazini yake mezani.

 Nilikuwa na maneno mengi sana tayari. Nilikuwa na makala nzima. Lakini Ruthanne ndiye aliyesema, kwa sauti ile ile anayowaambia mawakili watoe funguo mifukoni:

"Magazini kwanza, Denzil."

Denzil akafungua mdomo.

"Magazini kwanza," Ruthanne akarudia, na akaifunga tena pini ya beji yake.

Virgil alianza kupiga makofi. Nikaunga. Mhudumu wa gari la wagonjwa naye akaunga, na yeye hata si mwanachama.

Denzil alisema tulimchanganya. Alisema buti lake lilikuwa linambana. Alikataa kubadilisha maelezo yake aliyotoa mwanzo, akaondoka akichechemea kwenye gari lake na skafu ya Ruthanne mguuni. Ndiyo sababu nimekuja hapa kituoni kuandikisha yangu.

Naongeza jambo moja, na Naibu Sherifu ameniruhusu. Sikuja kumfunga Denzil. Kukosea utaratibu wa bastola si uovu, na hata mimi nimewahi kukosea. Uovu ni kumwangalia mwanamke anayekufunga jeraha na kumbebesha risasi yako.

Nimemaliza. Niliyoyasema ni kweli, na nikiitwa mahakamani nitayarudia neno kwa neno, isipokuwa nitakuwa nimevaa vizuri zaidi.

Sahihi: Z. Slusher

MAELEZO YA AFISA: Shahidi alisomewa maelezo yake akayakubali. Alishauriwa kuondoa sentensi mbili kuhusu mlalamikaji, akakataa. Saa tisa na dakika kumi, kabla sijafunga jalada, Denzil Haddix alipiga simu kituoni na kusema anaondoa madai yake. Aliomba nimfikishie Bi. Caudill salamu za kuomba radhi. Nilimweleza kwamba ofisi hii haipeleki salamu, na kwamba Bi. Caudill atapatikana Jumatatu kuanzia saa mbili asubuhi kwenye mlango wa mahakama, ambako kila anayeingia husimama mbele yake na kutoa kila alicho nacho mfukoni. Hakimu hakupigiwa simu. Jalada limefungwa.

T. Napier, Naibu Sherifu