Kupe Kavuruga Homoni za Bibi

Zamzam mjukuu wangu, uji uko kwenye chupa. Mbuzi wa akika mpe majani, ~~ila usimsogelee~~ msogelee tu, hana neno.

Bibi yako jasho halimkauki, viungo vinamuuma, hospitali hataki. Asubuhi hii muuza dawa wa Kariakoo kamwambia kwenye simu kuwa ana Laimu, ugonjwa wa kupe, ndio umemvuruga homoni. Kwa simu, damu hajaiona! Unga wake eti unatibu kupe, homoni na mume mkorofi.

Bibi kanigeukia: "Kupe umeniletea wewe na mbuzi wako! Twende hospitali ukapimwe!"

Sikubisha. Nikashika kiuno, nikaguna kama mgonjwa. Sasa ananipeleka mwenyewe. Tukifika, namnong'oneza daktari aanze na yeye.

Babu yako, mgonjwa wa kujitolea