Kwa Baba Yetu Lorcan Tiernan, Aliyeosha Vyombo Mwenyewe

Mwaka umetimia, Baba, na umepita kidogo, tangu tulipokutoa nyumbani mabegani, msalaba mpya wa matete wa Mtakatifu Brigida, tunaousuka kila mwaka siku yake ikifika, ukiwa bado mbichi juu ya mlango wa jikoni. Tangazo hili limechelewa. Shangazi Attracta ameshatukemea kwamba jina lako halikutoka gazetini wiki iliyopaswa. Lakini ilitubidi kwanza tumalize jambo moja uliloliacha, na jambo lenyewe ndilo tunalotaka kukusimulia hapa, majirani wakisikia.

Ulikuwa mpole, Baba. Mboji kavu ya kinamasi, ile tunayochoma badala ya kuni, ulimpelekea kwanza mjane Gilmartin, ndipo ukajaza banda letu. Katika kikundi cha maigizo cha parokia ulimpa Packie muuza nyama nafasi ya askofu kila mwaka, kwa sababu sauti yake ilifika hadi viti vya nyuma, na hukumcheka siku aliposahau maneno akaanza kuwabariki watazamaji kweli kweli. Michezo yako ya jukwaani uliiandikia katika banda la zamani la kuku, asubuhi, kofia kichwani. Mkate wa magadi uliula umesimama. Ukisifiwa, ulitazama nje ya dirisha kama mtu aliyesikia ng'ombe katoroka.

Na uliwapenda waongozaji wako.

Hapo, Baba, ndipo kalamu yangu inapokuwa nzito. Walikuja hapa kwetu Leitrim kutoka Dublin na Galway kuzungumza nawe kuhusu michezo yako kabla haijapanda jukwaani: Fergal Hanratty na ile skafu yake ndefu, na Noreen Lally na gari lake dogo linalonuka mbwa. Mama aliwawashia moto sebuleni. Wewe ukawaleta jikoni. Na wewe, ambaye sisi ulitujibu kwa kutikisa kichwa, kwao ulifunguka kama mlango wa ghala.

Niliwasikia, maana mimi ndiye niliyepeleka chai.

"Lorcan," Fergal alikuuliza siku moja, "huyu ndugu mtu atoke lini jukwaani? Namwona amesimama tu."

"Atoke akishapata alichokifuata, au akishajua hatakipata," ulisema. "Akibaki baada ya hapo, anakuwa kama binamu yangu wa Drumshanbo. Ameshaaga, ameshavaa koti, na bado kashika kitasa cha mlango anatueleza habari za goti lake."

Noreen alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Na akilia je? Mwigizaji wangu anataka kulia pale mwishoni."

"Mkataze. Akilia yeye, watu waliolipa kiingilio watabaki na kazi gani?"

Mlikaa hivyo mpaka chai ikapoa, mkibishana kama mtu anatunga kwa sikio au kwa jicho, kama ukimya nao huandikwa. Nilisimama nyuma ya mlango na sahani mikononi, na wivu ukanila kama mchwa anavyokula boriti, kimya kimya, kutoka ndani. Nilikuwa nimesoma chuo Galway. Nilikuwa nimerudi na shahada yangu ya elimu ya mimea. Hakuna siku uliyonigeukia mimi ukaniuliza mtu atoke lini jukwaani.

Mama alikuwa na wivu wake pia. "Mwanaume huyu ana maneno ya kuilisha Dublin nzima," alimwambia Shangazi, wewe ukisikia. "Mimi nikimuuliza anataka viazi vingapi, ananionyesha vidole!"

"Shukuru, Dervla," Shangazi akasema. "Tangu utotoni alikuwa akinionyesha kisogo."

Kisogo chako ndicho nilichokikuta kila Ijumaa nilipokuja nyumbani. Nilishuka kwenye basi, nikatembea ile njia ya ziwani katika mvua, na njia nzima nilikuwa nikijipangia ya kukuambia. Nikifungua mlango, wewe uko kwenye sinki, umenipa mgongo, mikono ndani ya povu.

"Umelowa," ulisema. "Ingia."

Basi. Hukugeuka. Nikikuuliza, "Baba, unaandika nini siku hizi?" ulinijibu, "Maneno tu, mwanangu. Shika taulo."

Hukumruhusu mtu mwingine aoshe vyombo. Mama hata mashine ya kuosha aliwahi kununuliwa na kaka Eunan, ukaifanya kabati la viazi. Wewe uliosha, mimi nikafuta. Ukawa unanong'ona juu ya yale maji, sauti moja ikiuliza, nyingine ikijibu, na mara kwa mara ukinitupia jicho la pembeni. Mimi nilidhani unatazama kama nimefuta vizuri. Mimi si mwongeaji, unajua. Nilifuta, nikasema moyoni: anazungumza na maji kuliko anavyozungumza na mimi.

Ndipo tukafika kwenye Misa ya mwaka.

Fergal na Noreen walikuja wote wawili, wakakaa nyuma kanisani, kisha wakaja nyumbani kula nyama ya nguruwe ya Mama. Kumbe hawakuja kula tu. Mchezo wako wa mwisho, ule wa dada mzee anayemngoja kaka yake aliyekwenda Coventry, Uingereza, na hakurudi kumzika mama yao, uliuacha na miisho miwili. Katika mmoja, kaka anabisha hodi, na dada anamweleza kurasa mbili nzima, kila kitu, machungu yote ya miaka yote. Katika mwingine, dada anasema neno moja au mawili tu na taa zinazimwa. Mazoezi yalikuwa yaanze. Kati yao hakuna aliyekubali kuchagua peke yake, na hakuna aliyekubali mwenzake achague.

"Lorcan aliniambia mwisho ni lazima ulipe deni la mchezo mzima," Fergal alisema. "Zile kurasa mbili ndizo malipo."

"Mimi Lorcan aliniambia mwisho ukieleza sana ujue mwanzo ulidanganya," Noreen akajibu.

"Aliniambia hapa hapa, kwenye kiti hiki!"

"Na mimi kwenye hicho hicho! Au kiti ulikinunua?"

"Lorcan kasema, Lorcan kasema!" Shangazi Attracta aliweka uma chini. "Marehemu kaka yangu sasa ana mdomo kuliko alipokuwa hai. Kuleni, nyama inapoa."

Nilikaa pembeni, Baba, nikawatazama. Kila mmoja alikuwa na mashavu yamejaa maneno yako, akitema moja na kumeza jingine, na kila mmoja alikuwa na akiba. Mimi mwanao sikuwa hata na moja la kuweka mezani. Niliinuka nikakusanya sahani, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka kuwaandalia wageni na hayo pia.

Mama alinifuata akaosha. Mimi nikachukua taulo.

Nilisikia viti vikivutwa nyuma yangu. Noreen alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, amemshika Fergal kwa skafu.

"Sisi wajinga," alisema. "Huyu hapa. Tumuulize yeye."

"Mimi sijui chochote," nilisema. "Hakuniambia kitu."

Fergal alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. "Hakukuambia? Blathnaid, miaka yote nimekuonea wivu wewe. Natoka Dublin, nimelala na mchezo wake, nimeamka nao, nakuja kumweleza kwa nini maneno fulani yakae. Ananisikiliza kwa heshima zote. Halafu ananiambia: 'Hapana, Fergal. Blathnaid hakusimamisha taulo.' Nikajiuliza, huyu Blathnaid ni mhakiki wa gazeti gani!"

"Akituaga alikuwa akisema, 'Nitaliuliza sinki,'" Noreen alisema. "Taulo likizunguka bila kusita, maneno yanatupwa. Likisimama, yanabaki. Mchezo ule wa mganga wa farasi, onyesho zima la pili alilifuta kwa sababu ulifuta sufuria mbili bila kupepesa jicho."

Mama aligeuka na povu mikononi. "Na mimi nilidhani anataka tu vyombo visafishwe."

"Basi soma," Shangazi alimwambia Fergal. "Mtoto afute. Tuone."

Fergal alisoma vizuri, Baba, nitakuwa muongo nikisema vingine. Zile kurasa mbili ni nzuri. Dada yule anamtajia kaka yake kila baridi aliyoipitia peke yake. Nikafuta sahani ya kwanza, ya pili, sinia la nyama. Taulo lilizunguka. Shangazi alilikodolea macho kama refa.

Kisha Noreen akachukua karatasi yake. Alisoma kwamba mlango unafunguliwa, kwamba kaka amesimama na begi, maji yanamtiririka. Kwamba dada anamtazama. Kisha akasoma maneno ya dada:

"Umelowa. Ingia."

Sahani ilikuwa imesimama kifuani pangu, na taulo juu yake.

"Imesimama," Shangazi akanong'ona.

Fergal alizikunja zile kurasa mbili taratibu, akazitia mfukoni. "Haya. Kwisha maneno."

"Hapana," nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyozoea. "Hilo ni langu. Aliniambia mimi. Kila Ijumaa, hapa nilipo. Hamwezi kulichukua."

Nilikuwa nimetafuta mwaka mzima neno moja ulilonipa mimi tu, na dakika ile ile niliyolipata niliona wageni wamelishika kwenye karatasi, wanataka kuliuza mlangoni kwa tiketi. Nilikuonea hasira pia. Hata jukwaani ulinipeleka, Baba? Hata lile dogo uliligawa?

Noreen aliiweka karatasi mezani, akaisukuma upande wangu. "Ni la kwako. Ukisema lisitumike, halitatumika, na mchezo utakaa kabatini. Hatutaufanya na mwisho wa uongo. Sivyo, Fergal?"

Fergal alizigusa kurasa zake mfukoni. Alikuwa ameuota mchezo ule. "Ndivyo," alisema.

Nilimtazama Mama. Alikuwa amerudi kwenye sinki, amenipa mgongo kama ulivyofanya wewe, ili nisimsome usoni.

Nikafikiri juu ya lile jicho la pembeni. Maneno yako yote yaliyokwenda Dublin na Galway yalipita kwanza juu ya maji yale, mkono wangu ukiwa karibu na wako. Wao walipewa mazungumzo kuhusu kazi. Kazi yenyewe ulinipa mimi, ikiwa bado inavuja maji, nikaifuta.

"Yule dada," nilimwambia Noreen, "asimtazame kaka yake akilisema."

"Asimtazame? Amengoja maisha yake yote."

"Ndiyo sababu. Ampe mgongo. Afanye kitu kwa mikono, aoshe kikombe. Akimtazama, atalia. Na akilia yeye..."

"...waliolipa kiingilio watabaki na kazi gani," Fergal akamalizia, polepole.

Tukakaa chini. Walinieleza nao walivyoyaona, nikawapinga mahali pawili, na mahali pamoja Fergal alikuwa sahihi. Chai ilipoa, Baba. Mama ndiye aliyetuambia.

Tamthilia hiyo itapanda jukwaani hapa parokiani kwanza, Ijumaa hii, kabla haijakwenda Galway na Dublin. Majirani wote karibuni. Wivu wangu haujaisha, nisiwadanganye. Mwanamke nisiyemjua atalisema neno lako, na kila mtu ukumbini atadhani anaambiwa yeye. Nitakaa safu ya nyuma nikiwachukia kidogo wote. Kisha nitawasamehe, mmoja mmoja, kadiri watakavyonyamaza.

Tunakukumbuka sisi: mkeo Dervla, ambaye sasa anaosha vyombo na hataki msaada, mwanao Eunan, aliyetuma salamu kutoka Boston na bado anauliza habari za mashine yake, dada yako Attracta, mjane Gilmartin, ambaye banda lake tumelijaza, Packie na kikundi kizima cha parokia, Fergal na Noreen, tuliowaruhusu waandikwe hapa pamoja na jamaa, na mimi, Blathnaid, mwenye taulo.

Hatutakusahau, Baba, siku zote tutakazojaliwa. Njia ya ziwani mvua haijakatika tangu ulipoondoka. Mlango wa jikoni hatujaufunga. Ukija, hatutakuuliza ulikuwa wapi.

Utakuwa umelowa. Ingia.