Sista, Vyombo Siuzi

Sista yangu Mwende,

Niaje huko Doha? Ningepiga simu, lakini nikianza kuongea sitamaliza na wewe uko kazini. Wacha niandike. Nimekaa kwa ngazi za ploti yetu hapa Huruma nikikunja waya za maiki.

Unakumbuka ile nikaha ya Donholm, ya binti wa Mama Zulekha wa duka la viungo? Kazi yetu ya kwanza ya kurekodi. Tulienda na ile waya mpya nyekundu, inang'aa, ngumu kama fimbo. Shehe ndio anaanza kuongea, na kwa hedifoni nasikia mhubiri wa redio: "Wewe uliye kitandani, inuka!" Nikakuangalia macho yakitoka. Ukanivua hedifoni, ukasikiza, ukaninong'oneza, "Huyo hakualikwa." Ukatoa ile waya nyeusi ya kuazima, ukabadilisha kabla bwana harusi aulizwe swali. "Nimekubali" yake ikaingia safi kabisa.

Tulipofika nyumbani ukaipasua hiyo nyekundu na kisu ya jikoni. Ule wavu wa shaba unaozuia redio isiingie ulikuwa nyuzi chache tu, kama nywele za mzee. Ukasema, "Tulinunua rangi." Tangu hapo hatukuwahi kununua waya bila kuikunja dukani tuone kama inalala yenyewe, na bila kujaribu kufungua vichwa vyake, zile plagi za mwisho. Kichwa hakifunguki? Ikikatika ndani, utairekebisha aje? Rudisha.

Na vile tuligombana juu ya kukunja! Mimi nilikuwa nazungusha waya kwa kiwiko, vile mathe hukunja kamba ya nguo. Ulikuwa unanichapa mkono: "We Kioko, hiyo si ya kuanika. Unaivunja mifupa." Duara moja kwa juu, moja kwa chini, mpaka mkono ukazoea.

Halafu ukapata kazi ya Doha. Hapa hapa kwa ngazi, begi mgongoni, ukaniambia, "Jaribu kazi moja peke yako. Ikikushinda, uza vyombo vya kurekodi, uingie udereva kama Anko." Nikakushikia begi hadi barabarani.

Basi kazi ikakuja. Watu wa filamu walitaka sauti ya Soko la Burma, kule kwa nyama. Shida ni kupima waya, si unajua inataka watu wawili: mmoja aongee tu, mwingine asikize akiitingisha polepole kutoka kichwa hadi kichwa. Nikamuita mathe. Akasema "halo, halo", akachoka, akauliza aseme nini tena. Nikamwambia aongee na wewe.

Sista, huyo mama hakunyamaza. Alikuambia juu ya kwaya, juu ya jirani na kuku wake, na kwamba kitanda chako saa hii kinalaliwa na viazi. Hapo kwa viazi sauti ikaanza kukatika-katika. Nikafungua kichwa cha waya, nikakata ile sehemu mbovu, nikachomelea upya. Akaendelea kwa viazi pale pale alipoachia.

Huko Burma mkokoteni wa mifupa ulipita juu ya waya, dairekta akashika kichwa. Mimi nikashika hedifoni. Panga kwa gogo, mafuta kwa makaa, mchomaji akimwambia mteja, "Mkubwa, hiyo mbavu ni ya mbuzi amesoma." Yote ikaingia, bila kukwaruza. Tulipomaliza nikapangusa mafuta na kitambaa, nikakunja, juu, chini. Dairekta akaniuliza, "Wiki ijayo uko?"

Niko. Vyombo siuzi.

Nakumiss mbaya, lakini niko sawa, nataka ujue hiyo. Ile rekodi ya kupima sikuifuta, nimekutumia kwa simu. Pale katikati mathe anapokatika usishtuke, hapo halii, ni waya. Kulia ni kule mwisho, na hapo waya ilikuwa imeshapona.

Kula vizuri, usikose usingizi.

Ni mimi, mdogo wako,
Kioko