Digrii Hamsini na Mbili, Zombe

Jumatatu, 16 Februari

Saa saba na nusu mchana. Stoo ya mabati, digrii 49. Kwenye skrini antena imeshuka tena. Siku ya ishirini na sita ya vipimo na mstari ni uleule: joto likipanda, antena inadhoofika. Ni antena ya kisima cha hapa Zombe, hutuma habari za kiwango cha maji hadi Kitui mjini. Mchana hunyamaza. Natakiwa kueleza kwa nini.

Nakaa kwenye kreti, mgongo ukutani. Nikisogea, mwili wangu unaharibu kipimo. Nimechoka kuwa fanicha.

Tarehe mbili Machi naanza kazi Athi River. Wiki mbili tu. Naichukia stoo hii.

Jumatano, 18 Februari

Mama Kasyoka, mwenye stoo, amechungulia mlangoni. "Mwiitu, binti yangu, toka humo! Hata mbaazi hatuzichemshi hivyo."

Nimecheka bila kusogea. Digrii 52. Antena imeshuka. Vizuri.

Alhamisi, 19 Februari

Si vizuri.

Nimetoa antena, nikafunga kizibo cha kupimia mahali pake. Kizibo hakibadiliki kwa joto. Ndiyo kazi yake. Kwenye skrini kimeshuka kama antena. Nimerudia mara tatu.

Kinachobadilika ni kebo yangu, inayounganisha antena na mashine ya kupimia. Kila siku nimesawazisha mashine saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa na ubaridi, kwa sababu mchana sikutaka kusimama humu dakika arobaini zaidi. Kisha nikapima mchana na kuamini. Nimepima kebo tangu Januari.

Ijumaa, 20 Februari

Sijamwambia mtu. Daktari, msimamizi wangu wa utafiti, ameshaipenda grafu. Hakuna atakayeuliza nilisawazisha saa ngapi. Zitafungwa antena mpya, kisima kitaendelea kunyamaza, na kina mama watazidi kuja na punda bila kujua kama maji yapo. Mimi nitakuwa Athi River.

Naweza kufanya hivyo. Hilo ndilo linanitisha.

Jumapili, 22 Februari

Sikusikia mahubiri. Nilitoka kabla ya sadaka, nikampigia Daktari. "Rudia vyote," akasema. "Pole."

Nimewaandikia Athi River kwamba siji. Nimelia nyuma ya kanisa. Kwa hasira, si kwa toba.

Jumanne, 24 Februari

Nimesawazisha mashine saa saba mchana, ndani, mlango umefungwa. Dakika arobaini. Jasho machoni. Kisha antena. Digrii 47. 48. 50. Mstari umelala sawa. Antena ni nzima. Kisima kina tatizo lingine. Nitalitafuta.

Jioni Mama Kasyoka aliuliza kama kile kidude kimepona.

"Hakikuwa kinaumwa, Mama."

"Haiya! Sasa tangu Januari ulikuwa unatibu nini?"

Akanisogezea kiti na uteo wa ndengu. Tumechambua mpaka giza likaingia na hatukuziona tena.