Tofali la Bani Lisitoke

Bwenini, Dodoma

Wapiganaji wenzangu wa bani la Lusewa,

Mama, shikamoo. Kaka Otmari, shikamoo. Mzee Saidi, jirani na mshirika wetu wa kukausha tumbaku, shikamoo nawe. Mimi ni mzima. Upepo wa huku umekausha midomo yangu, sauti bado ipo. Mama, goti linaendeleaje? Naomba barua hii isomwe kwa sauti, wote mkiwapo, kwa maana inamhusu kila aliyewahi kuchochea moto katika bani lile la kukaushia tumbaku.

Juzi kaka alinipigia simu akiwa Majengo, huko mjini, kwenye semina ya kubadili maisha.

"Dogo, nimejitambua," akasema. "Yule mkulima amekufa. Sasa mimi ni chapa."

"Chapa ya nini?"

"Hilo ni somo la pili."

Nilicheka, mpaka aliponiambia kwamba atabomoa bani, auze matofali, ahamie mjini akaanze upya.

Kaka, nakuheshimu, na kwa heshima hiyo nakupinga. Mhamasishaji wenu amesema umaskini huanzia kichwani. Je, ni kichwa chako kilichochelewesha mbolea? Ni fikra zako zinazopanga bei kabla hujafunga robota la kwanza la tumbaku? Anayekwambia kuwa kila kitu kimo mikononi mwako anawanawisha mikono wengine wote.

Hapa chuoni alikuja mwingine wa namna hiyo, kutuandaa sisi tunaokaribia kuhitimu. Nikasimama nikamuuliza, "Wewe mwenyewe ulibadilika kutoka kazi gani?"

Akajibu, "Mimi tangu mwanzo kazi yangu ni hii ya kufundisha watu kubadilika."

Ukumbi ukacheka, naye akacheka nasi, kisha akaendelea na mada.

Sipingi mabadiliko. Tumbaku ikituchosha, tukae, tuiache pamoja, tupande ufuta. Lakini bani lile hukulijenga peke yako. Majirani walifyatua matofali huku wakinywa togwa ya Mama, na Mzee Saidi alikanyaga udongo akiwa amefunga, akakataa hata kukaa kivulini. Mpaka leo nyumba zetu mbili hupokezana zamu ya moto ili moshi usikatike. Ukilibomoa, majani ya Mzee Saidi yatakaukia wapi msimu huu? Hilo ndilo somo la pili, kaka, na huko ukumbini hawalifundishi.

Msalimieni shemeji, ambaye tangu semina ianze anamwagilia vitalu peke yake, na shangazi wa Majengo aliyempa kaka malazi.

Ni mimi, mwanao, Mama, na mdogo wako, kaka,
Gaudensi

Kikao ni Jumapili hii, saa tisa alasiri, mbele ya bani. Nami nitakuwapo kwa simu; iwekeni kizingitini, mfungulie spika. Atakayeanza kusema ni Mzee Saidi, kisha kaka atamjibu akimtazama usoni. Hadi hapo, tofali lolote lisitoke ukutani.