Afande Kitambi Amekuja Kutazama Filamu

Ijumaa. Mvua inanyesha Ujiji tangu alfajiri, na mimi nina hofu.

Kwa aliyefika leo kwenye blogu hii: mimi ni Mrundi, jina sitaandika. Nimetoka kambi ya wakimbizi bila kibali, na hapa mjini natafsiri filamu kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, cha Baba Zainabu. Filamu zinavuka ziwa kutoka Kongo zikiwa kwa Kifaransa, mimi nashika maiki nasema Kiswahili. Watu wanataka kucheka, kwa hiyo kila mpelelezi namgeuza bwege.

Ya leo ilikuwa ya wezi wa kisasa. Wanafungua milango ya benki kwa kompyuta, wenyewe wameketi hotelini wanakula kuku. Mkuu wa wapelelezi nilimbatiza Afande Kitambi, nikamfanya aulize kompyuta inalishwa nini. Watu wakacheka mpaka mabenchi yakayumba.

Halafu kicheko kikakatika.

Aliyeingia kukwepa mvua ni afande wa kweli, yule anayekagua vibali stendi, na kitambi anacho. Akakaa kati yangu na mlango, na mlango ni huo mmoja tu. Ningenyamaza, watu wangepiga miluzi, naye angenigeukia. Ikabidi niendelee, huku nikichunga kila neno lisinuke Kirundi.

Basi Afande Kitambi wa kwenye filamu akapata akili ghafla. Wezi walipotoroka kwa helikopta mwishoni, nikasema amewaachia makusudi ili wampeleke kwa bosi wao. Naona aibu. Nilimsifu afande yule wa vibali kwa woga mtupu.

Filamu ilipoisha akanijia.

"Kijana, kwenu wapi?"

Baba Zainabu akawahi. "Mpwa wangu huyo, afande. Muha wa Kalinzi, wallahi."

Waha ni wenyeji wa huku, na lugha yao inakaribiana na yetu. Ameapa uongo, mtu wa swala tano, kwa ajili yangu.

Afande akanipiga bega. "Unajua kazi wewe! Jumapili nawaleta wenzangu wote wa kituoni. Uwepo."

Nikitoroka, Baba Zainabu ndiye atakayeulizwa mpwa wake kaenda wapi. Nikibaki, kibanda kitajaa maaskari na mimi ndiye wa kuwachekesha.

Mkoba nimeufunga, nikaufungua. Sasa hivi Baba Zainabu amepita mlangoni kwangu. Hakugusia kukimbia wala kubaki. Ameuliza tu, Jumapili tuweke filamu gani.