Chupa ya Kichwa Chini na Harusi ya Zuhura

Jumamosi, 8 Novemba

Leo tena baiskeli na madumu. Kutoka hapa Quitunda mpaka pwani, kuchota, kurudi, jasho mpaka ndani ya masikio, chai nimeikuta imepoa. Nimetoa nusu ya maji ya zamani kwenye tangi la kioo la samaki, nimetia mapya ya bahari. Keshokutwa hivyo hivyo. Joto hili linakunywa maji kuliko ngamia. Bati linachemka juu, tangi la kioo linakauka chini. Nimepiga mstari wa rangi ya kucha ya Mwanaesha pale maji yanapotakiwa kufika. Mke wangu amenuna. Rangi ilikuwa mpya.

Samaki wazima wote. Bwana na Bibi, wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wamekula. Bunju amenisalimia. Watu hawaamini kwamba bunju anasalimia. Shauri yao.

Tangi hili nilipewa na patrão mmoja, bosi wa jikoni kule kambi ya gesi ya Afungi, alipomaliza mkataba wake akarudi kwao. Angeweza kumpa yeyote. Alinipa mimi, mkuu wa masufuria yote. Samaki nimewatega mwenyewe kwenye miamba, bamvua, maji yalipokimbia mbali. Kuanzia mto Ruvuma mpaka Pemba ya huku Msumbiji hakuna mtu mweusi mwenye bahari ndani ya sebule isipokuwa mimi. Kama yupo, aje tuonane.

Jumanne, 11 Novemba

Dada Mwajuma kapiga simu kutoka Kionga. Zuhura, binti yake wa pili, anaolewa Ijumaa ya tarehe 28. Nikafurahi, nikapiga kelele, nikataka kuanza hadithi. Akanikata.

"Kaka, mara hii usiniletee habari za samaki."

Kisha akakata na simu.

Kwetu mwali hatoki chumbani mpaka mjomba wake agonge mlango. Ndivyo ilivyo tangu kwa babu zetu. Mwaka jana alipoolewa Sharifa, mkubwa, mimi sikwenda. Kwenda Kionga na kurudi siku moja haiwezekani, vizuizi vya askari barabarani vinafungwa mapema. Siku tatu bila maji, samaki wanakufa. Nikabaki. Mlango akagonga ami yake. Dada yangu hajasema kitu mpaka leo. Kutosema kwake kunauma kuliko tusi.

Nikikosa mara hii, sina dada.

Jumatano, 12 Novemba

Nani wa kumwachia kioo? Mwanaesha lazima aende, yeye ndiye somo wa bi harusi, wa kumfunda. Jirani ni mzee, haoni vizuri. Nimekwenda dukani kwa shemeji Faki, kaka yake Mwanaesha kwa baba, yule wa Mtwara anayeuza ndoo na misumari.

"Niachie tu ufunguo, shemeji," akasema. "Na ndimu. Na pilipili kidogo."

Baraza zima likacheka. Faki samaki anawajua wakiwa kwenye sufuria tu.

Hapo hapo nikatangaza. Nitatengeneza mashine. Itatia maji yenyewe, bila mtu, bila umeme, maana umeme wetu nao ni kama mgeni, huja akijisikia. Faki akasema samaki wakivuka hiyo harusi wakiwa hai, ataniita Engenheiro, yaani mhandisi, mbele ya watu mpaka siku ya kufa kwake. Wakifa, mimi nitajiita Kitoweo. Nikampa mkono. Watu walishuhudia.

Nilisoma mpaka quarta tu, darasa la nne. Lakini kichwa changu hakikuishia quarta.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeipata! Mashine nimeipata uani, kwa kuku.

Kuku wa Mwanaesha wanakunywa kwenye kopo la dagaa. Juu ya kopo kuna chupa iliyopinduliwa kichwa chini. Kuku wakinywa, maji yanashuka mpaka mdomo wa chupa unapata hewa. Hewa inaingia, gulu, maji yanatoka. Yakifika mdomoni yanasimama. Chupa ile iko pale miaka yote, na mimi naipita kila siku kama kipofu. Kesho nitafanya kubwa yake. Mdomo wa chupa sawasawa na mstari wa rangi ya kucha. Basi. Hata maprofesa wangelala wakiwaza, wasiipate.

Ijumaa, 14 Novemba

Aibu. Nimetumia dumu la zamani la mafuta ya kula. Nimelisafisha, nimelijaza maji ya bahari, nimelipindua juu ya kitako cha mbao nilichopigilia mwenyewe. Lilikaa. Nikaenda sala ya Ijumaa kifua mbele.

Kurudi, sebule ni ziwa. Dumu lilikuwa na ufa mdogo kama unywele kule chini, ambako sasa ndiko juu. Hewa ilipita kwenye ufa, maji yakamwagika yote bila kungoja ruhusa. Mkeka wa Mwanaesha umelowa, mchele umelowa. Bunju alikuwa juu kabisa, ukingoni, ananitazama.

Mwanaesha akatoka. Alitandika kanga nje, akaketi, akanipa mgongo.

Jumapili, 16 Novemba

USHINDI. Nimepata chupa kubwa ngumu, zile za maji ya kunywa ya maofisini. Nimeikagua juani kama daktari anavyotazama picha ya mapafu. Haina ufa. Kuipindua ikiwa imejaa si mchezo, ina uzito wa mbuzi. Mwanaesha ameziba mdomo wa chupa kwa kiganja, mimi nimenyanyua, bismillahi, tumeigeuza, akatoa kiganja mdomo wa chupa ulipogusa maji ya tangi. Tone halikumwagika. Na alicheka. Kanisamehe.

Asubuhi hii maji yako kwenye mstari. Jioni maji yako kwenye mstari. Kila baada ya muda, gulu. Hii sauti naipenda kuliko redio. Wamekuja watu kuangalia, sebule haikutosha, wengine dirishani. Nimewaeleza kwamba wahandisi wa Afungi waliwahi kunijia kuniuliza habari za mabomba. Si uongo mkubwa. Mmoja aliwahi kuniuliza choo kiko wapi.

Baiskeli nimeiegemeza ukutani. Kwaheri madumu. Nitakuwa nachota ya kujaza chupa tu.

Alhamisi, 20 Novemba

Maji hayajashuka hata unywele. Mashine inafanya kazi kama saa. Lakini Bwana leo hakula. Labda ameshiba.

Ijumaa, 21 Novemba

Bibi naye hakula. Wanapumua haraka, mashavu yanakwenda mbio. Kamba mdogo mwekundu amekufa, amelala ubavu nyuma ya jiwe. Pampu ya hewa inafanya kazi, paneli ya jua inayoiendesha iko salama juu ya bati. Maji yako kwenye mstari. Kila kitu kiko sawa na samaki wanakufa. Sielewi. Nina hasira. Sikumwambia mtu. Nimepita mbali na duka la Faki.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimejua. Yaani tumejua. Yaani Mwanaesha.

Alikuwa anafuta kioo. Pembeni, juu ya mstari, kumeota ukoko mweupe. Akaukwangua kwa ukucha, akaulamba. Akachovya kidole ndani ya maji, akalamba tena. Akanigeukia.

"Baba Rajabu, unafuga samaki au unapika chumvi?"

Mama yake kule Mucojo alikuwa mtu wa chumvi. Anatega maji ya bahari juani. Jua linachukua maji, chumvi halichukui. Anaongeza maji ya bahari mengine, na mengine, mpaka chumvi inasimama. "Na wewe unaongeza nini humo?" akaniuliza.

Aliyechovya kidole na kulamba safari hii? Mimi.

Zamani nilikuwa namwaga nusu ya maji kila mara, chumvi inatoka nayo. Mashine haimwagi kitu. Inaongeza tu. Nimewapikia samaki wangu mchuzi wa chumvi wiki nzima huku napigiwa makofi. Kila mtu aliyepita hapa sebuleni ni mtoto wa pwani, na hakuna aliyeona. Samaki wa bahari, maji ya bahari, nani ataona kosa hapo?

Ningegundua mwenyewe kesho yake. Lakini yeye kagundua leo.

Jumapili, 23 Novemba

Baiskeli tena. Safari mbili. Nimemwaga nusu, nimetia maji mapya. Kisha kazi ya kutisha. Chupa nimeijaza maji ya bomba. Maji baridi ya kunywa, yasiyo na chumvi, yaliyolala kwenye ndoo wazi tangu jana ili harufu ya dawa itoke. Maisha yangu yote nimejua kwamba samaki wa bahari ukimtia maji ya kisima anakufa.

Lakini jua linachukua maji matupu. Basi nirudishe maji matupu. Kilichobaki ndani ni chumvi ile ile. Hesabu ni hiyo, na haitaki shule.

Faki kapata habari. Alisimama mlangoni kabisa.

"Shemeji, samaki wa bahari unawapa maji ya bomba? Wape na sabuni basi, waoge kabisa waende harusini."

Naogopa.

Jumanne, 25 Novemba

Bwana kala. Bibi kala. Bunju karibu ale na vidole vyangu. Ukoko mweupe haujaongezeka. Mwanaesha analamba kidole asubuhi na jioni na kusema "bahari". Nimeimba bafuni.

Bado, siku mbili si siku nne. Na nyumba itafungwa kufuli. Nimeamua. Wakifa, wafe. Mlango nitagonga. Nimelisema hili kwa sauti mbele ya kioo ili nao wasikie. Halafu nikajisikia vibaya.

Alhamisi, 27 Novemba

Kionga. Tumefika. Barabarani walitushusha kwenye kila kizuizi. Dada kanipokea mzigo, hakunitazama usoni. "Umekuja," akasema. Nikasema nimekuja. Akaenda jikoni.

Mtandao hakuna. Hata ungekuwepo, ningempigia nani? Bunju?

Ijumaa, 28 Novemba

Niandike haraka kabla sijaanza kuongeza chumvi. Maana hili halihitaji.

Baada ya sala nimevaa kanzu nyeupe na kofia ya marehemu baba. Nimegonga. Ndani wanawake wamejaa, wanajua kabisa nani yuko nje.

"Nani?"

"Mjomba."

"Mjomba yupi? Yule wa samaki?" Vicheko mpaka bati likatetemeka. Nikasikia sauti ya mke wangu mwenyewe humo ndani, msaliti.

"Huyo huyo."

"Samaki umewaacha na nani leo?"

"Nimewaacha na akili yangu!"

"Ala! Basi wameshakufa!"

Uwanja mzima ukaanguka. Mimi pia nilicheka, nikashika ukuta. Nikagonga tena kwa nguvu, nikataja jina langu, la baba, la babu, la babu yake babu mpaka nikafika kwa mmoja niliyemtunga. Nikasema nimekuja kumchukua binti wa dada yangu, na mlango huu nitaugonga mpaka uwe unga. Wakafungua. Zuhura akatoka, kichwa chini, hina mpaka viwiko. Mkono wake ulikuwa baridi ndani ya wangu.

Dada Mwajuma alisimama nyuma ya mlango. Alikuwa analia huku amejiziba kwa ukaya. Nilipopita naye alinishika kanzu. Hakuvuta. Alishika tu, akaachia.

Mengine ya harusi ni pilau. Nilikula kwa niaba ya watu wanne.

Jumapili, 30 Novemba

Tumerudi mchana. Njia nzima sikusema kitu, mpaka dereva akauliza kama tunatoka msibani.

Faki alikuwa mlangoni kwangu na baraza lake lote. Wamekuja kuzika. Mmoja kabeba ndimu kwenye mfuko, nimeiona. Kufuli likagoma, mkono wangu mzito. Mwanaesha akaninyang'anya ufunguo, akafungua.

Kimya. Halafu, gulu.

WAZIMA. Wote! Maji kwenye mstari kama nimeyapima asubuhi hiyo. Maji ya chupa yameshuka zaidi ya nusu. Bwana na Bibi wanacheza kwenye kona yao, bunju akaja mpaka kwenye kioo akajifura kama mpira kwa hasira ya kuachwa. Mwanaesha kapita katikati ya wanaume wote, kachovya kidole, kalamba. Watu walingoja kama wanangoja mwezi wa Idi.

"Bahari," akasema.

Nilipiga ukelele uliosikika mpaka Palma mjini. Hili wanaweza kuulizwa waliokuwepo. Faki alisimama kama mtu aliyemeza mwiba. Nikamwambia sisikii, umri umekwenda, aseme kwa nguvu.

"Hongera, Engenheiro," akasema.

"Nani?"

"Engenheiro! Na mkeo Engenheira mkubwa wako, maana chupa ni yako lakini ulimi ni wake!"

Wote wakacheka, na mimi sikubisha. Mwenye ndimu kaitoa, tumekamulia uji. Nimewaambia wahandisi wa Ulaya watakuja kuipiga picha. Watakuja. Pengine wameshapanda ndege.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimeamka alfajiri kama kawaida. Nimesali. Nikatoka uani, nikasimama. Hakuna pa kwenda. Mikono haikujua ishike nini.

Nikarudi ndani. Mwanaesha amelala bado, amechoka na harusi, hina nyekundu kwenye nyayo. Sikumwamsha. Nimewasha jiko mwenyewe, nimechemsha chai, nimeketi kwenye mkeka mbele ya samaki. Hawakufanya kitu cha ajabu. Waliogelea tu.

Nimekunywa chai ikiwa bado moto.